Siku Mto Ulipofika Jiwe la Ngamia

Mvua ikianza kulowesha vumbi hapa Kitale, mpaka leo mikono yangu hutafuta gunia la kubeba.

Nilipokuwa mtoto, kule chini jangwani, Jiwe la Ngamia palikuwa na vibanda vichache kando ya jabali lenye nundu. Baba, mtu wa Bungoma, alishusha mahindi yake ya kuuza kwenye mchanga mweupe, laini kama unga.

"Toa hapo, huo ni mto," mama mmoja wa pale akamwambia.

Baba akacheka. "Mto gani hauna maji?"

Jua lilikuwa kali bado tuliposikia harufu ya udongo mbichi: mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani, na maji yalikuwa njiani. Kijiji kizima kikaja mbio, tukabeba magunia hadi jabalini, huku nikipiga kelele kwa furaha. Maji mekundu yakapita yakinguruma, yamebeba miti mizima.

Baba akavua kofia.

"Jambo, mzee," akauambia mto.