Nilimpeleka Binti Yangu Mbali, na Baba Yake Hajui Kwa Nini

Salaam aleikum, na wale wengine habari zenu. Admin, nifichie jina tafadhali, maana Isiolo ni mji mdogo na mume wangu anajulikana kule soko ya mbuzi. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, Mborana, nimeolewa hapa mjini. Nina mtoto mmoja, msichana, sasa anakimbia na kuongea. Lakini haishi na mimi. Anaishi na mama yangu huko Rapsu, na ni mimi nilimpeleka.

Ilianza akiwa bado mchanga. Nilikuwa jikoni nakata nyama, yeye amelala kwa mkeka kando yangu. Wazo likanijia ghafla, kama mtu amesema sikioni: je, ukimdunga na hicho kisu? Nilitupa kisu nje kwa mchanga, nikamkumbatia mtoto nikilia. Huyu mtoto nilimpata baada ya mimba mbili kuharibika. Singeweza kumfinya hata kidole.

Nilidhani itapita. Haikupita. Nikimwogesha, nilijiona nikimzamisha kwa beseni. Kadiri nilivyolifukuza hilo wazo ndivyo lilivyorudi na nguvu. Nikaanza kuficha visu juu ya kabati, na nyama nikawa namwambia mtu wa bucha anikatie ndogondogo kabisa. Kumwogesha nikamwachia wifi yangu, nikisingizia mgongo. Nilikuwa namkagua mtoto mwili mzima nikitafuta alama, nihakikishe sijamfanyia kitu bila kujua. Mume wangu nilimchosha na swali moja: "Mtoto yuko sawa?" Akinijibu yuko sawa napumzika kidogo, halafu nauliza tena. Mwanzo alicheka. Baadaye akawa anatoka nyumbani bila kumaliza chai.

Mama mkwe alisema ni jini. Nikasomewa Kurani, na nashukuru kwa zile dua, zilinituliza. Lakini sheikh mwenyewe sikumwambia kinachonisumbua. Nilisema tu nina wasiwasi. Ningemwambia aje mtu wa dini kwamba naona damu ya mtoto wangu?

Siku moja wifi alitoka, nikabaki na mtoto peke yangu. Niliogopa mpaka nikamfungia chumbani, nikakaa nje ya mlango nikimsikiza akilia. Alikuwa anapitisha vidole vyake chini ya mlango akinitafuta. Hapo niliamua. Nikamwambia mume wangu kifua kinanisumbua, nisije nikamwambukiza mtoto, nikampeleka Rapsu. Mama yangu alimpokea bila maswali. Niliporudi mjini, maziwa yalinilowesha nguo njia nzima.

Tangu siku hiyo naonekana mama mwenye moyo wa jiwe. Wifi aliwaambia majirani kwamba hata mbuzi hulilia mtoto wake. Nilisikia, nikaingia ndani.

Mwaka huu nilienda hospitali kuomba dawa ya usingizi. Muuguzi alifunga mlango akaniuliza ni nini kinaninyima usingizi. Sijui kwa nini nilimwambia, labda kwa sababu hakunijua. Hakushtuka. Alinipeleka kwa mshauri nasaha, mama mmoja Mmeru wa makamo. Nilimweleza yote nikiangalia sakafu, nikingoja aite polisi. Badala yake aliniuliza kama hayo mawazo yananifurahisha. Nikasema yananiua.

"Basi huo ni ugonjwa, si moyo wako," akasema. "Unaitwa OCD. Unakuletea kile unachoogopa kuliko vyote, halafu unakulazimisha ukimbie. Na kila ukikimbia, unaupa nguvu."

Aliniambia wako kina mama wengi waliopitia hapo na wakanyamaza kama mimi. Nililia kwa ile ofisi mpaka leso yangu ikalowa, na yeye akakaa tu, hakuniharakisha.

Tangu hapo naenda kwake, na daktari amenianzishia dawa. Napata nafuu pole pole. Nafundishwa kuacha wazo lije na lipite, bila kuficha kisu, bila kuuliza mtu kama kila kitu kiko sawa. Ni ngumu. Juzi nilienda Rapsu nikakata vitunguu mtoto akicheza karibu yangu. Wazo lilikuja. Lakini sikuinuka, nikaendelea kukata mpaka vikaisha. Mtoto hakupata hata mkwaruzo. Nikanawa mikono nikamwita aje nimpakate. Alijificha nyuma ya mama yangu, akamwuliza huyu mgeni ataenda saa ngapi.

Mume wangu si mtu mbaya. Amemkosa mtoto wake, na uvumilivu umemwisha. Wiki iliyopita aliniambia hajawahi kunisikia nikikohoa. Akasema kama simtaki mtoto niseme tu, atampeleka kwa mama mkwe huko Biliqo alelewe huko. Biliqo ni mbali. Akienda huko, najua nitakuwa mgeni kabisa.

Mshauri anasema nimlete mume wangu ofisini, tumweleze pamoja. Lakini naogopa. Akisikia kisu na jina la binti yake kwa pumzi moja, hatasikia maneno yatakayofuata. Ndugu zake watasema walijua, na mtoto atachukuliwa hata kutoka Rapsu. Nikinyamaza nayo, atabaki akiamini sikumpenda, na mtoto atakua akiamini hivyo pia.

Wenzangu, nisaidieni na mawazo yenu. Nimwambie ukweli wote, ama nimrudishe mtoto nyumbani kimya kimya na nipigane na huu ugonjwa bila yeye kujua? Na kama kuna mtu hapa aliwahi kumwambia mumewe jambo kama hili, naomba aniambie alianza na neno gani. Mimi kila nikijaribu naanza na jina la mtoto, na siwezi kuendelea.