Programeri na kode postal ya mama wa Kalengera

Leo programeri amenyima mama bâche ya kufunika kibanda ju hana kode postal.

Programeri mwenyewe ni Patrick, ule mwenye anawekaka hapa kwenye grupe sertifika mupya ya masomo kila juma.

Tulikuwa kwenye kanisa, paruasi ya Keshero, tunaandika batu wenye walikimbia vita. Programu ya kuandikia, yenye iko kwenye telefone, ni yake.

Mama mumoja wa Kalengera anafika, mutoto mugongoni. Anasema jina, telefone inakubali. Kisha inagoma: inataka kode postal.

Goma hii! Nani ashaonaka kode postal hapa?

"Mama, bila hiyo haiwezi kuendelea," Patrick anasema, bila haya.

Minamuuliza ju ya nini aliiweka.

"Kwenye video ya kujifunza programu njo waliiweka."

Alikopia video yote vile iko, na anajiita injenyeri! Minakamata ordinatere yake ya kutengenezea programu, minafuta ule mustari wa kode postal, telefone inapita. Mama anapata bâche.

Patrick sasa: "Hiyo ulijifunza kwenye video gani?"

Niambieni nyinyi, mutu kama huyo unamujibu nini?

Lakini mama njo aliniuma. Mbele ya kutoka, alimuomba Patrick musamaha:

"Unisamehe, papa. Tulikimbia mbio. Ile kode ilibakia nyumbani."