Sakafu ya Mvule kwa Maman Furaha

Sisi tuliokulia Kamembe, mpakani mwa Rwanda, miaka ile, vita vimeshatupitia na sasa vinanguruma ng'ambo upande wa Congo, Jumamosi tuliijua kwa magoti. Ilikuwa siku ya sire, ile nta nyekundu ya kung'arisha sakafu ya simenti. Unapaka, unangoja ikauke kidogo, kisha unakanyaga kipande cha sweta kuukuu na kuteleza toka mlangoni hadi ukutani huku mnaimba, mpaka sakafu inakuonyesha meno yako. Nyumba nzima ilinukia sire na maharage yaliyo jikoni. Watoto wangu leo wakimwaga maji, wananyanyua miguu juu ya kiti na kumwita dada wa kazi.

Papa alikuwa seremala. Walimwita Papa Zuena, kwa jina la dada yangu mkubwa. Kila mpaka ulipofunguliwa, mbao za mvule zilivuka daraja, na Maman Furaha, mwalimu wa shule ya Gihundwe aliyekulia Bukavu huko Congo kisha akarudi, akamwomba amtandikie sebule yote kwa mbao. Njia yetu nzima hakuna aliyekuwa na sakafu ya namna hiyo. Papa aliranda siku nyingi, akapigilia ubao wa kwanza kwa bismillah, na mwisho akapaka mafuta kidogo tu. Verni, ile vanishi ya kung'arisha mbao, alisema, itangoja.

Basi kazi ilipokwisha tukajaa mlangoni kuangalia. Ubao mmoja ulikuwa wa njano kama ndizi mbivu, wa pili wa kahawia, wa tatu umegawanyika rangi mbili. Maman Furaha alikunja mikono.

"Papa Zuena, hii ni muti moja, ao umenichanganyia mabaki?"

"Ni muti moja, Maman. Njo vile inazaliwa. Acha ione mwangaza, itakomaa, rangi zitakaribiana."

"Nakupatia mpaka Pasaka. Kama iko vile vile, utang'oa yote."

Maman Furaha akatandika mkeka wake mkubwa katikati ya sebule. Kung'oa mbao si kitu, Papa angeng'oa. Lakini mtaa wetu ulikuwa wa watu wasiojuana: huyu karudi toka Congo, yule katoka kambini, na fundi alijulikana kwa kazi yake ya mwisho. Sokoni walishaanza kusema Papa Zuena anachanganya miti. Papa alirudi nyumbani, akala matonge mawili ya ugali, akasukuma sahani. Niliumia kumwona hivyo, maana alikuwa mtu wa kula na kutania.

Kiherehere chetu ndipo kilipoingia. Jumamosi moja, Pasaka imekaribia, Maman Furaha kaenda soko, mimi na Zuena tukaingia kwake na kopo letu la sire. Binti yake Furaha, rafiki yetu, ndiye aliyetufungulia. Akili yetu ilikuwa nyepesi: mbao tulizozijua za njano tuzipake, zifanane na wenzao, Papa apone. Tukapaka, tukateleza, tukaimba. Ilipokauka, sebule ilikuwa na mistari myekundu kama shuka la kitanda. Furaha akaanza kulia kabla yetu.

Maman Furaha aliporudi hakupiga kelele. Alituma mtu amwite Papa, nasi tukabaki ukutani, nguo zote nyekundu. Nilijua tumemmaliza baba yetu kwa mikono yetu wenyewe. Papa alifika, akatutazama, akasema neno moja tu: "Petroli." Akaletewa ile ya taa, akapiga magoti, akaanza kufuta kwa kitambaa. Sire ilikuwa imepenya hadi chini ya mkeka mkubwa wa katikati, basi akaukunja ili afute na huko.

Chini ya mkeka palikuwa na ile sakafu ya siku ya kwanza: njano, kahawia, njano, wazi kabisa. Na pembeni yake, pale palipoona mwangaza wa mlango wiki zote zile, mbao zote zilikuwa zimekaribia kuwa asali moja. Kumbe ilikuwa inabadilika polepole, mbele ya macho yetu, na hakuna aliyeiona. Maman Furaha aliinama, akaweka kiganja kwenye mpaka wa rangi.

"Papa Zuena, unisamehe. Hii mukeka haitarudi hapa."

Papa akacheka kwa mara ya kwanza toka mwaka uanze. Sisi hatukusalimika: tulifuta na petroli mpaka jioni. Lakini usiku ule alikula, akaongezewa, na sokoni maneno yakageuka, maana Maman Furaha mwenyewe ndiye aliyeyageuza.

Siku hizi tunatandika karo, vile vigae vya kiwandani, zote rangi moja, zinazaliwa zikiwa zimekwisha. Sizisemi vibaya, hata kwangu zipo, na ninaishi vizuri. Ila nawaona mafundi vijana wa hapa Kamembe: mteja akiona doa anapiga picha, anaituma kwa mtaa mzima, na fundi bado ameshika nyundo. Papa wangu, na ukweli wake wote, na mti uleule, leo asingepewa hata jioni moja.