Sauti Yangu Sebuleni kwa Bi Zena

Sauti iliyonishtua ilikuwa yangu mwenyewe, nayo ilitoka upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimeketi chumbani kwetu mtaa wa Mkomani, Lamu, mdomo nimeufunga, nami nikajisikia nikisema kwa utulivu wa mtu aliyesoma sana: "Kwa hivyo, waheshimiwa watahini, si kila karibu ni karibu." Aibu iliyofuata sijaizoea hadi leo, lakini afadhali niisimulie mwenyewe kuliko muisikie sokoni, ambako imeshatiwa chumvi ya kutosha.

Alasiri ile nilitakiwa kutetea tasnifu yangu ya uzamili kwa njia ya mtandao, na asubuhi yake skrini ya laptopu ikazimika (mashine yenyewe ilikuwa hai, taa zinawaka, feni inazunguka, ila uso wake mweusi ti). Kikao kilikuwa kimeshaahirishwa mara moja kwa ajili yangu, na msimamizi wangu alinieleza, kwa upole wa kutisha, kwamba hakitaahirishwa tena. Kaka yangu ana kompyuta ya mezani, ile aina ambayo skrini na mtambo ni kitu kimoja, nzee kiasi kwamba programu ya mkutano inaikataa. Basi nikaamua, na uamuzi huo mdogo ndio uliozaa yote, kwamba laptopu ifanye kazi na kompyuta ya kaka iwe skrini yake tu.

Nikaziunganisha kwa waya wa HDMI. Kimya. Nikageuza waya, nikabadilisha waya, nikasoma maelezo mpaka nikaelewa kwamba tundu la laptopu hutoa picha na tundu la kompyuta ile nalo hutoa picha, yaani nimewakalisha pamoja wasemaji wawili pasipo msikilizaji. Mwenye akili angekoma hapo. Mimi nikakumbuka kwamba picha huweza kurushwa bila waya, nikabonyeza vitufe vya laptopu gizani, nikiamini kwamba jina la kwanza litakalojitokeza lazima liwe la mashine iliyo karibu zaidi (hakuna aliyeniambia hivyo, niliona tu kwamba ndiyo haki). Skrini ya kaka haikutikisika. Ili nijue kama laptopu ingali hai, nikagusa kitufe cha kuchezesha rekodi ya mazoezi yangu.

Sasa, tasnifu yangu inahusu namna watu wa Amu, yaani Lamu, wanavyokaribisha na kukataa kwa adabu. Na upande wa pili wa ukuta, Bi Zena, jirani aliyenilea nusu, alikuwa amekusanya wanawake waitazame video ya harusi ya bintiye kwenye kompyuta yake kubwa ya sebuleni.

"Tuchukue mfano," sauti yangu ikaendelea huko. "Jirani akikwambia 'karibu chakula' huku mkono uko kwenye komeo la mlango, hakualiki, anakuaga. Jirani yangu Bi Z. ni bingwa wa mbinu hii."

Nilidhani herufi moja inatosha kumficha mtu. Mtaa wetu una Bi Z. mmoja.

Kicheko kikapasua ukuta, kisha nikamsikia Bi Saumu, mgeni wake: "Kumbe, Zena. Ndiyo maana miaka yote narudi kwetu Kipungani na njaa."

Nikabonyeza kitufe kile kile isimame, haikusimama. Nikaifunika laptopu, nilikuwa nimeipanga mwenyewe isilale ikifunikwa. Ikafika mfano wa pili, ambao pia ni Bi Z., ndipo nikashikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikakata roho.

Katika utulivu ule nikafikiri vizuri kwa mara ya kwanza. Kompyuta ya kaka hupata intaneti kwa waya kwa kuwa wifi yake ilikufa zamani; haikuwa na njia ya kunisikia, hata ningebonyeza hadi Idi. Mashine pekee iliyokuwa tayari kunipokea ilikuwa ya Bi Zena. Watahini walikuwa wanakaribia kuingia. Nikaapa kwamba maishani mwangu sitathibitisha tena kitu nisichokiona, nikajifunga buibui, nikachukua simu, nikampigia.

"Asalaam aleikum, Bi Zena. Ni Nuru."

"Waaleikum salaam. Nuru yupi, wa ukutani au wa kwenye kompyuta?"

"Nisamehe, Bi Zena. Sijui ilivyoingia kwako."

"Ilipiga hodi. Kioo kiliandika jina lako, chauliza turuhusu au tukatae. Mtoto wa jirani apige hodi, nimkatae?"

Nikamweleza kuhusu skrini, watahini na kikao kisichoahirishwa. Nikaomba nije nitetee hapo kwake, kwa kioo chake.

"Ndoo," akasema, kwa Kiamu chake cha "njoo". "Lakini hapa haondoki mtu. Utasema yale yale mbele yangu, na ukikosea, mimi ndiye Bi Z., nitakusahihisha."

"Naam," nikasema, laptopu tayari kwapani. "Ndivyo tasnifu inavyotetewa. Nakuja."