Goti la Golikipa

Mjukuu wangu ni golikipa wa timu ya ligi. Alipoumia goti walimrudisha kwangu Chanika nimuuguze. Ijumaa moja akaniambia, "Bibi, nimepona. Kesho narudi mazoezini."

Mie sikumwamini. Mtu aliyepona hashuki kibarazani kwa kushika ukuta.

Nikapika pilau, nikatandika mkeka, nikaweka sinia chini kama kawaida yetu. Akaja akasimama tu.

"Bibi, leo nitakula kwenye kiti."

"Umekuwa bwana harusi? Kaa chini ule na sie."

Akacheka, akashuka kwa kuegemea mkono, mguu mmoja kaunyoosha mpaka ukagusa sinia. Pilau hajaionja, jasho linamtoka.

"Ukunje huo mguu."

"Bibi, wakijua watampa mwenzangu namba yangu golini, nisiipate tena."

"Na mpira ukija chini utaudaka kwa mdomo?"

Nikamsogezea simu ampigie daktari wa timu, amwambie goti bado. Tena nikataka aweke spika, maana aliyenificha goti hashindwi kuongea na simu iliyozimwa.