Kilio cha Mtu wa Kitabuni

Baba yangu alikuwa karani wa stesheni ya treni hapa Kolwezi, na kila Jumamosi mchana, akishakula na kunawa mikono, alitusomea kitabu. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya reli, nyumba za matofali zilizopangwa mistari mirefu, kila moja na baraza lake dogo mbele. Vitabu aliviazima kwenye maktaba ya klabu ya wafanyakazi, chumba kimoja chenye joto nyuma ya ukumbi wa dansi. Vyote vilikuwa vya Kifaransa. Baba alisoma sentensi kimya, midomo ikicheza kidogo, kisha akaitoa kwa Kiswahili chetu.

Kina mama wa jirani walikuja na kazi zao: maharagwe ya kuchambua, kichwa cha mtoto cha kusuka. Walimkatiza bila woga wowote, wakimwita tata, yaani baba.

"Ngoja kwanza, tata. Huyu bibi njo ule wa Jumamosi ingine, ao ni mwingine?"

Baba alirudi nyuma akaeleza. Kwa hiyo kitabu kimoja kilichukua miezi, na hakuna aliyetaka kiishe.

Katika kina mama hao alikuwamo mama wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Mume wake alipanda treni kwenda Dilolo kununua samaki wakavu mpakani, wakati wa vurugu kwenye njia ya reli, na treni ikarudi bila yeye. Wengine walisema alivuka akaingia Angola. Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao kulijulikana maana yake. Mwili haukuonekana, barua haikufika. Huwezi kufanya kilio, yaani matanga, cha mtu ambaye pengine yuko mahali anakunywa chai. Mama yule aliendelea kufua mashati ya mumewe kila msimu wa mvua yasije yakashika ukungu.

Mwaka mmoja baba alileta riwaya nene iliyofungwa kwa karatasi ngumu ya kahawia, jalada lake la kwanza lilikuwa limepotea zamani pamoja na jina lake. Ilihusu mwanamke aliyeuza supu kwenye stesheni ndogo ya nchi ya baridi, mumewe ameenda vitani. Theluji ilimshinda baba. Alifikiri, akasema ni kama unga wa bukari, ugali wetu, unaanguka toka juu, siku nzima.

"Basi kule hakuna njaa!" akasema mama mmoja, na baraza zima likacheka.

Mama wa ng'ambo hakucheka. Alikuwa amesogea karibu na kiti cha baba, na tangu siku ile hakukosa Jumamosi hata moja. Muuza supu alipotazama abiria wakishuka, yeye aliacha kuchambua maharagwe.

Mimi nilikuwa nimeanza kujua Kifaransa. Baba akiwa kazini nilikichukua kitabu na kukisoma hadi mwisho, kwa hiyo nilijua kinakokwenda. Jumamosi ya sura ya mwisho ilipofika, nilikaa kwenye kizingiti nikiogopa. Baba alisoma kidogo, akapandisha macho barabarani. Halafu akasema treni ilisimama, mlango ukafunguliwa, na mume akashuka, mwembamba, ndevu zimejaa, akaomba supu.

Kina mama walipiga vigelegele. Mama wa ng'ambo alishika kifua kwa mikono miwili.

Walipoondoka nikamfuata baba ndani. "Tata, buku haisemi vile."

"Najua."

"Sasa juu ya nini ulisema bwana alirudi?"

Alikifuta kitabu kwa kiganja ingawa hakikuwa na vumbi. "Buku iko na yake ya kusema. Mi niko na majirani."

Niliona ni jibu zuri sana. Mama yangu hakuliona hivyo. Wiki ileile kaka za yule mama walifika kutoka Tenke kumchukua akaishi nao, maana alikuwa peke yake na kazi ya mikono ilikuwa inamchosha. Aliwapikia, akawasikiliza, akakataa. Aliwaambia watu hurudi. Wakaondoka na kiti kitupu kwenye gari. Mama yangu alisikia habari hiyo kisimani, akarudi nyumbani na ndoo nusu.

"Ulizania unamupa kitu," akamwambia baba. "Umemufunga. Jumamosi inakuja utasoma mwisho wa kweli."

"Nitamuumiza."

"Anaumia tayari. Anaumia yeye peke yake."

Jumamosi ile baba hakumaliza chakula. Kina mama walipokaa aliwaambia waziwazi kwamba sura ya mwisho hakuisoma sawasawa, na kwamba leo ataisoma kama ilivyoandikwa. Akasoma. Treni ilisimama, akashuka askari asiyejulikana, mkononi ana koti. Mwanamke alilitambua koti kwa kifungo alichokishona mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine. Askari akamweleza walipomzika mumewe, kando ya mto, chini ya miti. Mwanamke akampakulia supu, kwa sababu alikuwa ametoka mbali.

Baba akafunga kitabu. Mama wa ng'ambo akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tata, soma tena pale koti inafika."

Akasoma tena.

Yule mama akavua kitambaa cha kichwa, akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye saruji, akalia. Sijapata kusikia mtu akilia vile, kama kitu kilichokuwa kimesimama ndani yake kwa miaka sasa kimepewa ruhusa kukaa. Kina mama walitazamana. Aliyekuwa mkubwa wao kwa umri akainuka, akaenda kwake, akarudi na mkeka, akautandika pale barazani.

"Kilio iko hapa," akasema.

Ikawa kilio kweli. Viti vilitolewa. Kina mama walivua hereni na kujifunga vitenge kiunoni. Waume zao walileta kuni bila kuulizwa, wakawasha moto uani. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama kwenye geti letu na kuuliza nani amekufa.

"Mutu wa ndani ya buku," baba akamjibu.

Yule mtu alitazama ndani, akamwona nani amekaa katikati ya mkeka, akavua kofia, akaegesha baiskeli na kuingia. Waliimba nyimbo za kanisani za Kiluba. Jina la mume aliyepotea Dilolo halikutajwa hata mara moja, na kila mtu alikuwa anamlilia yeye.

Kilio kilipokwisha, yule mama aligawa mashati. Baba alipata moja la mistari ya bluu. Kisha kaka zake wakarudi na gari, na safari hii akapanda. Kule Tenke alianza kuuza mikate ya kukaanga karibu na stesheni, na akipita mtu wa Kolwezi alimpa salamu za kupeleka kila nyumba ya mstari wetu, moja moja.

Mambo mengine yalikwenda kama yalivyokwenda kwa wengi hapa. Kampuni ilidhoofika, maktaba ikafungwa, chumba chake sasa kinauza simu na chaja. Baba alifariki. Baadaye mstari wetu wote wa nyumba ulibomolewa, kwa sababu chini yake kulikuwa na madini. Siku moja nilikwenda kutazama. Kuna ukuta mrefu, na nyuma yake shimo jekundu ambalo magari makubwa yanashuka humo yakiwa madogo kama wadudu. Nilijaribu kukisia baraza letu lilikuwa sehemu gani ya hewa ile iliyo juu ya shimo. Mlinzi akaniuliza ninatafuta nini, nikasema hakuna.

Mimi sasa ninafundisha fasihi katika shule ya sekondari. Wanafunzi wengine siku za mapumziko huenda kuchimba madini upande wa mgodi wa Mashamba, na hurudi darasani na vumbi jekundu masikioni. Mmoja aliniuliza, kwa adabu, hadithi ya uongo itampeleka wapi. Niliwasimulia habari ya kilio. Walisikiliza wote, hata wale wa nyuma waliokuwa na simu chini ya dawati, halafu kengele ikalia wakatoka.

Riwaya ile sijaipata tena. Nimetafuta kwenye mtandao, lakini unatafutaje kitabu kisicho na jalada wala jina, ambacho ulikijua zaidi kwa sauti ya mtu? Nikipata hata nakala mpya leo, haitakuwa na ile nafasi baba aliyoiacha kati ya Kifaransa na Kiswahili, ambapo sote tulishika pumzi pamoja. Hiyo ndiyo ninayoitamani. Siku hizi kila mtu ana hadithi zake mfukoni, nyingi kuliko zilizowahi kuwa katika maktaba yote ya klabu, na huzisikiliza peke yake, waya wa simu ukiwa sikio moja.

Mwaka jana nilimwazima msichana mmoja wa darasa langu riwaya moja ya vitabu vyangu vya nyumbani. Muda wa kuirudisha ukapita. Nikamkuta sokoni akiuza nyanya na mama yake, na kabla sijasema neno akaona haya.

"Bado, mwalimu. Ninasomea mama jioni. Anauliza maulizo mingi, hatuendeleake mbio."

Mama yake, kichwa chini, alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu, anatabasamu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilitaka kuuliza wamefika wapi, nani mwingine anakuja kusikiliza, na kama baraza lao lina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Lakini mteja akafika, mama akainua fungu moja, na mimi nikanunua nyanya, nikaenda.