Mkono Wazi na Bibi wa Mlango wa Bati

Kanisani kwetu walimwita Mkono Wazi, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilobatizwa nalo. Alikuwa muuza magodoro, mwenye duka kubwa kwenye kona ya soko, tumbo linalotangulia miguu, na cheo cha mwenyekiti wa kamati ya wasiojiweza. Mimi ni fundi viatu. Benchi langu liko uchochoroni, nyuma ya nyumba yake, na viatu vyake nimevishona miaka mingi, vikiletwa na msichana wake wa kazi. Soli zake huliwa mbele, kwenye vidole, maana mwenyewe hutumia maisha yake akijinyanyua ili aonekane.

Mtu yule hakuwahi kutoa kitu pasipo na macho ya watu. Akitoa sabuni, kuna picha. Akitoa blanketi, kuna picha mbili, maana kwenye ya kwanza alikuwa amefumba macho. Tulifundishwa tangu utotoni kwamba ukitoa kwa mkono wa kulia, wa kushoto usijue. Wa kwake wa kushoto ndio ulioshika simu.

Nyumba yake kwa mbele ina geti jeusi na maua. Kwa nyuma ina ukuta mrefu, na kwenye ukuta kuna mlango wa bati unaofungukia uchochoroni, wa chumba kilichojengwa kiwe stoo, chenye mlango mwingine wa uani. Ndani ya stoo hiyo aliishi mama yake mzazi. Alimleta mjini macho na miguu yake ilipoanza kuchoka, akampa chumba cha wageni. Kisha wageni wakaja, mama akahamishiwa nyuma kwa muda. Muda huo haukuisha. Mke wa Mkono Wazi aliwaambia watu kanisani, ambao hawakuwahi kumtia mama huyo machoni, kwamba mama mkwe amerudi kijijini kwa binti yake, na mama mkwe yuko palepale, anasikia sufuria zikigongana jikoni. Chakula alipelekewa na yule msichana wa kazi. Salamu za mwanawe zililetwa na msichana huyohuyo, siku alizokumbuka.

Mchana mama alifungua mlango wa bati apate hewa, akaketi kizingitini, tukapiga soga huku nikigonga misumari. Ujana wake wote alifagia kanisa la kijijini kwao, na mwanawe huyo alikua akilala chini ya mabenchi wakati mama akipiga deki.

"Fundi," aliniambia Desemba ilipoingia, "Krismasi hii nataka nikae ibadani na mwanangu. Benchi moja. Sina shida nyingine."

"Umemwambia?"

"Nimemtuma binti wa kazi. Mwanangu amejibu gari limejaa zawadi za wasiojiweza."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Mama yeye hakucheka. Alisema kazi ya Mungu ina mengi.

Siku moja kabla ya Krismasi, kamati ilipita kugawa zawadi. Kila mwaka walishika barabara kuu, kwenye wazee walewale wanaojua kukaa vizuri mbele ya kamera. Mwaka huo tulikuwa tumepata mwinjilisti mpya, kijana mwenye haraka, akasema wapite na huku nyuma. Nikawaona wanakuja wakiruka maji machafu, akina mama na mifuko yao, na Mkono Wazi katikati, kavaa miwani ya jua.

"Bwana asifiwe, fundi," mwinjilisti akasema. "Upande huu hakuna mzee au mgonjwa?"

"Yupo bibi mmoja," nikajibu, nikaonyesha mlango wa bati.

Nilimtazama Mkono Wazi nikitegemea ashtuke. Alijifuta jasho, akauliza kama hapo hakuna mbwa. Mwanamume mzima, na hakuujua mgongo wa nyumba yake mwenyewe. Maisha yake yote yalikuwa getini.

Niliwafuata. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya dawa ya kuchua. Mama alikuwa ameketi juu ya godoro lililobonyea mpaka likafanana na mkeka. Mkono Wazi hakuvua miwani. Alikohoa, akaanza hotuba yake ya kila mwaka.

"Shikamoo bibi. Tunaujua upweke wako. Tunajua ndugu zako wamekutupa. Lakini kanisa lipo."

Mama aliinua kichwa kwenye lile neno la kwanza. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini masikio yalikuwa mazima, na uso wake ulikunjuka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona. "Marahaba," akasema, akanyoosha mkono. Alidhani amekuja kumtazama.

Hapo Mkono Wazi akavua miwani ili apigwe picha, akaona yuko mbele ya nani. Mkono Wazi akawa mdomo wazi.

Mwinjilisti hakugundua kitu. Alichuchumaa, akauliza kwa upole, "Bibi, una watoto?"

Mama aliushusha mkono taratibu, akautuliza juu ya goti, akangoja. Ilikuwa zamu ya mwanawe kusema, na maneno yenyewe hayakuwa mengi: huyu ni mama yangu. Mkono Wazi aliangalia mabati ya paa utadhani jibu limeandikwa huko.

"Sina, baba," mama akasema. "Mungu hakunijalia."

Nilimsikia Mkono Wazi akishusha pumzi. Kisha akasema, "Tuombe." Akafumba macho, akamwomba Mungu amfariji bibi huyu tasa. Nimewahi kushika viatu vilivyokanyaga kila aina ya uchafu, lakini sikuwahi kusikia kinyaa kama siku ile.

Walipoondoka nilibaki mlangoni. "Mama, mbona umemkana mwanao?"

"Sijamkana. Nimemsitiri. Mtoto akikunyea mkono, unaukata?"

"Huyu si mtoto, mama. Ana mvi."

"Kwako wewe." Akalipapasa blanketi jipya walilomwachia. "Na mwinjilisti amesema kesho watakuja kunibeba. Si nitakaa ibadani na mwanangu? Ndicho nilichotaka."

Nilidhani angalau jioni mwanawe atapita kwa mlango wa uani, amwangukie miguuni. Aliyekuja ni msichana wa kazi, na ujumbe kwamba bibi akifika kanisani asiongee sana.

Krismasi walimbeba kweli, wakamketisha benchi la mbele pamoja na wasiojiweza wengine. Mwanawe alisimama hatua chache kutoka kwake, kavaa suti, na kila aliposema neno mama aligeuza sikio upande ule. Baada ya mahubiri likaja lile jambo ambalo kanisa letu hulifanya kila Krismasi: asiye na ndugu hupewa mlezi. Mtu husimama, mwenyekiti wa kamati huushika mkono wa mnyonge na kuutia mkononi mwa mlezi, na tangu hapo kanisa huwahesabu hao kuwa ndugu mpaka kaburini.

Mchungaji akauliza, "Nani atampokea mama huyu asiye na mtoto?"

Hakuna aliyejitokeza. Nikamtazama Mkono Wazi. Angeweza kusema "mimi" bila kueleza lolote. Watu wangempigia makofi, angepata picha nzuri kuliko zote, na mama angerudi chumba cha wageni bila aibu kwa yeyote. Hata tamaa yake ya sifa ilimshauri vema, akaikataa. Alimwangalia mkewe kwenye benchi la pili. Mkewe alitikisa kichwa kidogo tu.

Nilimsubiri. Nilimpa muda mrefu kuliko aliostahili. Kisha nikasimama, nikasema, "Mimi."

Nikaenda mbele na vidole vyangu vyeusi vya rangi ya viatu. Mkono Wazi akauchukua mkono wa mama yake, nadhani kwa mara ya kwanza tangu alipomhamishia stoo, akasema maneno ya desturi kwa sauti ile ile ya hotuba, bila hata kutetemeka.

"Ndugu, mpokee mama yako."

"Nimempokea," nikasema, nikanyoosha kiganja.

Mkono wa mama haukuja. Ulikuwa umekamata wa mwanawe, na haukutaka kuachia. Watu wakacheka kidogo, kwa huruma, wakidhani ni uzee. Mkono Wazi akatabasamu kuelekea kwenye kamera, akaanza kuvibandua vidole vya mama yake, kimoja baada ya kingine.